Kioo cha Watu Wawili

Kioo cha Mama Georgette hakigeuzwi na mtu mmoja. Najua, kwa sababu wiki iliyopita nilijaribu peke yangu, mbele ya wamama wa chorale, kwaya ya kanisa, waliokaa kwenye mikeka, na kidogo tu kiniangukie. Mama Georgette alikuwa amefariki alfajiri ile, kwenye kitanda chake, hapa hapa mtaani Mudzipela, Bunia, na kabla maji ya kumuosha hayajapata moto, wamama walikwisha kukigeuza: uso ukutani, mgongo kwetu. Desturi inataka hivyo. Nyumba ikiwa na maiti, vioo vidogo vinafunikwa kikwembe na vikubwa vinaangalia ukuta mpaka siku ya kumaliza kilio, marehemu asirudi kujitafuta ndani. Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta mbao za sanduku. Niliporudi nikakuta saloni yote, chumba cha kupokea wageni, imekuwa kipofu. Nikasema, "Hapana. Hiki kinarudi kama kilivyokuwa." Mama mmoja akanijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachambua: "Sola, usituletee mambo. Weye hata si mutoto wa hapa ndani." Ni kweli, sikuzaliwa hapa ndani. Nikashika upande mmoja wa kioo, nikaangalia nani atashika wa pili. Hakuna aliyesimama. Basi nikakaa chini, mgongo wangu kwenye mgongo wa kioo, miguu nimeinyoosha, nikawaambia sitoki hapo mpaka mtu anisaidie. Waliniona mjeuri. Lakini hawaujui ule mwaka wangu wa miaka kumi na tisa, na mimi sikuwa na nguvu ya kuwaeleza siku ile. Naueleza hapa.

Mambo ya kwetu nayaacha. Naanzia mlangoni mwa saloni hii, siku niliyoingia kuomba kazi, na begi moja na viatu mkononi, maana mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu wa Bunia haumuonei mtu huruma. Mpaka siku ile sikuwa nimejiona mzima hata mara moja. Nilikuwa na kikioo cha ukubwa wa kipande cha sabuni, nikajijua kwa vipande: leo jicho, kesho meno, siku ya misa sikio na hereni. Shule niliachia mwaka wa nne, na hata kule hakukuwa na kioo, kulikuwa na dirisha tu la bureau ya préfet, mkuu wa shule, ukipita unaona kivuli chako kinakimbia. Sasa hapa ukutani kulikuwa na kioo cha zamani kirefu kunipita, kadri yake, ile mbao inayokizunguka, imechongwa maua na majani ya mzabibu, rangi ya dhahabu imebanduka huku na huku, na ndani yake msichana mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka tope katikati ya vidole. Nikaona bega langu la kushoto liko juu kuliko la kulia. Nikaona nina shingo ndefu. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kama nina shingo ndefu! Mama Georgette alisimama pembeni, mikono imejaa gundi, ananichunguza. "Unajiona?" "Najiona, Mama." "Yote?" "Mpaka vidole vya miguu." Akacheka. "Basi weka begi. Mutu anayejiona yote anaweza kufanya kazi na miye."

Kazi yake ilikuwa hiyo: vioo vya zamani vya ukutani, vile vilivyobaki kwenye nyumba za wakati wa Wabelgiji na kwenye maduka ya zamani ya mjini, vioo vizito, kingo zake zimekatwa mshazari kiasi kwamba jua likipita pale linamwaga rangi ukutani. Watu walimletea vimevunjika kadri, vimeliwa na mchwa, vimejaa uchafu wa nzi. Chumba cha nyuma, chini ya manjanja ya bati yaliyopiga kelele kila mvua, kilikuwa na harufu ya gundi ya mbao na limau. Maua yaliyokatika tuliyafinyanga upya kwa unga wa mbao na gundi, tukayaacha yakauke siku tatu, tukayapaka dhahabu kwa unyoya wa kuku, kwa sababu burashi, alisema, inapaka kama mtu anayepaka mlango. Kioo chenyewe tulisafisha mbele tu, kwa limau na karatasi ya gazeti. Mgongo hauguswi. Alinionyesha ile ngozi nyembamba ya fedha iliyopakwa nyuma na ile rangi inayoifunika. "Talatala inaona na mugongo," aliniambia; kioo yeye alikiita talatala. "Ukigusa mugongo, inakufa macho." Nilisema ndiyo Mama, kama mtu anavyosema ndiyo akiwa anaota mambo mengine. Mimi niliota Bunia nzima ina vioo. Niliota kila saloni, hata za udongo, ina kioo cha dhahabu, na wamama wanaotoka sokoni wanajiona wazima kabla ya kuketi.

Wengine walituogopa. Kuna jirani aliyepita nje akikaza mwendo, akisema vioo vya zamani vinachunga sura za wafu. Mama Georgette alimwita kutoka barazani: "Dada, kama inachunga sura, kuya unisaidie kuitafuta! Miye niko na miaka makumi mbili naisugua, sijaona hata pua!" Na mwaka ule watu walishuka mjini kutoka huko juu Djugu wakikimbia vita, nikawaona wakipita njia yetu na matela ya kulalia kichwani, na sufuria, na mbuzi, na mtoto juu ya mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyekimbia na kioo. Nikamuuliza Mama tunatengeneza vioo vya nani, watu wakiwa wanalala kwenye kambi chini ya mahema. Alikuwa anachonga jani la mzabibu, hakuacha kuchonga. "Mutu akipata tena ukuta," alisema, "kitu ya kwanza atatafuta ni misumari. Ya pili ni talatala. Lazima aone kama yeye njo yeye." Mpaka leo, mtu akiniambia kazi yangu ni mapambo tu, namjibu na maneno hayo hayo, na namjibu kwa sauti.

Mume wake, Papa Justin, alikuwa mwashi. Jioni alirudi na simenti kwenye nyusi, akanawa, akaketi mezani uso kwa uso na kile kioo kikubwa. Tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, siku nzuri samaki wa Kasenyi, na kila siku Mungu aliyoleta alifanya mchezo ule ule: anahesabu watu kwa kidole, watatu huku, watatu ndani ya kioo, halafu anapiga kelele, "Georgette! Leta sahani ingine, iko wageni mule ndani na hawajakula!" Na Mama anajibu, "Hao walikula jana. Ule muzee wa simenti alimaliza hata mifupa." Nilicheka kila siku. Nafikiri sasa kwamba sikuwahi kukaa kwenye meza ambapo mchezo mmoja unaweza kuishi mwaka mzima bila kuchosha. Kioo kile kilikuwa chao wawili. Mwaka waliooana, Papa Justin alikuwa anatengeneza duka moja la zamani karibu na boulevard, barabara kubwa ya mjini, na mwenye duka alitaka kukivunja apate nafasi. Papa Justin akamwita mke wake. Wakakibeba kwa miguu, katikati ya soko, yeye mbele, Mama nyuma, na watu wakaacha biashara kujiangalia wakipita, mwenye vitunguu akacheza, mwenye nyama akavua kofia. "Shika upande wa kule!" ndiyo lilikuwa neno lao la ndoa. Walilisema kwa kioo, kwa kitanda, kwa gunia la makala ya kupikia, kwa nguo za kukamua.

Sasa kosa langu. Katikati ya kioo kile, pale kichwa cha mtu kinapofika, kulikuwa na madoa meusi, unyevu umekula fedha. Siku moja walienda Gety kwenye harusi ya watu wa kanisa, wakaniachia nyumba siku mbili, na mimi nikawaza zawadi. Nitayatoa yale madoa. Nikamwita jirani, tukakishusha, tukakilaza uso chini juu ya mikeka, nikabandua ubao wa nyuma, nikapiga magoti na kisu cha jikoni, mchanga na jivu, kama mtu anayesugua sufuria. Nilifundishwa kusugua sufuria mpaka ing'ae, na mimi sufuria nilikuwa naijua kuliko kioo. Nikaimba. Madoa yakatoka kweli, yote, hata moja halikubaki! Tulipokisimamisha, nikaona tumbo la jirani yangu kupitia katikati yake. Fedha ilikuwa imetoka pamoja na madoa: nilikuwa nimetoboa dirisha la ukubwa wa sahani. Jirani akasema, "Ee Mungu wangu," akaenda kwake. Mimi nikafunga begi. Waliporudi walinikuta nimekaa juu ya begi lile nje, macho yamevimba, nikamuonyesha Mama mlango kwa kidole. Aliingia. Nikasikia, "Sola, nilikuambia nini juu ya mugongo?" Na kabla sijajibu, Papa Justin, ambaye alikuwa bado na suti ya harusi, akapita nyuma ya kioo, akainama, akauleta uso wake mzima kwenye lile duara, akakunja sura kama muuza duka: "Mama, bonjour! Unatafuta nini leo? Sukari iko, chumvi imeisha!" Mama Georgette alijaribu kukasirika. Naapa alijaribu. Akaketi chini sakafuni na kikwembe chake kipya cha harusi, akacheka mpaka machozi. Halafu akafuta macho akasema kazi imeharibika lakini dirisha ni zuri, wasilipoteze. Wakatafuta foto ya Papa Justin, ya kichwa na mabega, wakaikata duara, wakaibandika nyuma pale nilipotoboa, wakarudisha ubao. Tukakirudisha ukutani. Tangu siku ile, ukijiangalia katika kioo kile, Papa Justin yuko pembeni ya uso wako, anatabasamu kidogo kama mtu anayezuia kicheko.

Alikufa mwaka ule ule, miezi ya mvua kubwa. Homa, siku tano tu. Wamama wakaja wakageuza kioo, na mimi sikusema kitu, nilikuwa bado mtoto kwa mambo ya kilio. Mama Georgette alikaa kwenye mkeka wa mjane, nywele zimenyolewa, haruhusiwi kusimama bila wakwe kumpa ruhusa, haruhusiwi kupika, haruhusiwi kusalimia kwa mkono. Siku ya pili alinivuta sikio akaninong'oneza, "Wamemugeuza na yeye." Nikafikiri anaweweseka kwa huzuni. Nikaangalia ule mgongo wa mbao, buibui, magazeti ya zamani yaliyobandikwa, ndipo nikaelewa. Uso wake ulikuwa umebanwa ukutani pamoja na kioo. Kwa wiki tatu, wakati watu wanalia jina lake, yeye alikuwa anaangalia simenti.

Wiki ya tatu wakwe wengine walishuka kutoka Kpandroma na lori: kaka mkubwa wa marehemu, Papa Anselme, na dada yao, Tantine Veronika, na vijana wa kubeba. Nilikuwa chumba cha nyuma, niliwasikia kupitia ukuta wa mbao. "Siye hatukuye kugombana, shemeki," alisema Papa Anselme kwa sauti ya kanisani. "Tunakuya kubeba vitu ya ndugu yetu." "Na vitu yangu?" "Weye ulikuya na nini hapa?" Tantine Veronika akadakia, "Alikuya na kikwembe moja na mudomo." Vijana wakacheka. Nikatoka. Walikuwa wanafungua nyumba kama mtu anavyofungua samaki. Pikipiki ilikuwa tayari kwenye lori, na radio, na viti vinne. Tantine Veronika alikuwa na sufuria kubwa ya harusi kiunoni, ameijaza sahani mpaka juu. Papa Anselme mwenyewe aliingia chumbani akatoka na matela kichwani. Akipita saloni, akagonga ule mgongo wa kioo kwa vidole. "Hii mubao iko na kazi gani?" Tantine akakiangalia, buibui, magazeti. "Achana nayo. Iko ya kufunika shimo ya ukuta."

Moyo wangu uliruka! Desturi yao wenyewe ilikuwa imekificha. Dakika mbili tu za kunyamaza, lori linaondoka, na kioo kinabaki. Nikamkonyeza Mama Georgette kwenye mkeka wake. Akaniangalia. Na nikaona anakunja miguu, anaweka mkono chini, anasimama. "Nani amekupa ruhusa ya kusimama?" aliuliza Papa Anselme, matela kichwani. "Niko na miguu, shemeki." Akatembea mpaka kwenye kioo, akaweka vidole vyake chini ya kadri. "Sola. Shika upande wa kule." Nikatikisa kichwa. Nikamuomba kwa macho. Mama, wataona dhahabu, wataona kioo, watakibeba, hutabaki na kitu! "Sola," akasema tena, polepole, "shika." Nikashika. Kilikuwa kizito kama mara zote, na kwa sauti ile ile ya kukwaruza sakafu tukakigeuza.

Mimi nilikuwa pembeni, niliona vyote. Ndani ya kioo kulikuwa na mwanamume mzima, kuanzia viatu vyake vyeusi mpaka matela ya mjane juu ya kichwa chake. Kulikuwa na mwanamke mzima na sufuria isiyo yake. Na katikati yao, pale vichwa vinapofika, ndugu yao katika suti, anawaangalia na kile kitabasamu cha kuzuia kicheko, kama kwamba atasema sukari iko, chumvi imeisha. Kuku aliingia kutoka nje, akajiona, akatoka. Mama Georgette, kichwa chake kimenyolewa, akasema bila kupandisha sauti: "Sasa bebeni. Siwazuii. Lakini mubebe mukimuangalia." Papa Anselme akasema, "Geuza hiyo kitu." "Iko nzito, shemeki. Inataka watu wawili. Kuya ushike upande wa kule, miye nashika huku." Papa Anselme akamwangalia ndugu yake ndani ya kioo. Halafu akashusha matela. Sitasema alikuwa na haya, labda shingo ilimuuma tu. Aliwaita vijana, akaondoka na pikipiki na radio na viti, na vile hakurudisha. Tantine Veronika hakushusha kitu. Alipita mlangoni na sufuria yake, sahani moja ikaanguka ikapasuka, hakugeuka hata kuiangalia.

Kioo kilibaki wazi siku zote zilizosalia za kilio. Watu wa kanisa walipunguza miguu kwetu, wengine wakasema Georgette anakaribisha mzimu. Tulipika kwenye kisufuria kidogo, mara mbili kila mlo, na jioni alihesabu kwa kidole: wawili huku, watatu mule ndani. Mwisho wa mwaka ule nilijua kufanya kazi yote, hata vioo vizito, na nilijua jambo lingine ambalo sijui nalo niliite nini, lakini linakaa mgongoni, linamfanya mtu asimame. Miaka mingi baadaye, siku moja asubuhi, aliniletea foto yake na kisu cha jikoni. "Toboa tena," alisema. "Pembeni yake. Safari hii kwa ruhusa." Nikatoboa, polepole kuliko mara ya kwanza. Na wakati nabandika akaniambia, "Siku yangu, musinigeuze."

Ndiyo sababu wiki iliyopita nilikaa chini na mgongo wangu kwenye mgongo wa kioo, na wamama wakiimba kunizunguka kama mimi ni kiti. Nilikaa mpaka saa sita ya mchana. Ndipo mlangoni akaingia mwanamke mzee na fimbo, nyuma yake kijana na nusu gunia ya viazi vya Kpandroma. Sikumjua mpaka alipofungua mdomo. "Huyu mukubwa anakaa chini kama mutoto juu ya nini?" Tantine Veronika. Mama wa mchele akamjibu haraka, "Anataka kurudisha talatala, Tantine. Mutie akili." Nilisimama. Maneno ya miaka yote yalikuwa yamepanga foleni kooni, lakini lililotoka lilikuwa hili: "Tantine, sufuria iko wapi?" Wamama wakaacha kuimba. Yeye akaniangalia, akaangalia mgongo wa kioo, ule aliouita wa kufunika shimo. "Ilitoboka," alisema. "Mwaka wa pili tu."

Nikashika upande wangu. "Tantine," nikasema, "shika upande wa kule."

Alimpa kijana fimbo yake. Akaja, akainama kwa shida, akatafuta pa kuweka vidole chini ya majani ya mzabibu. "Iko nzito hii," akanung'unika. "Ndiyo, inataka watu wawili," nikamjibu. Tukakwaruza sakafu, tukageuza. Papa Justin na Mama Georgette wakatoka ukutani, pembeni kwa pembeni, na chini yao saloni nzima ikafunguka: mikeka, mchele, viazi, Tantine amenikunjia uso, mikono yake bado kwenye dhahabu, mimi na shingo yangu ndefu, na wamama wote wa chorale, wazima, mpaka vidole vya miguu. Halafu mama wa mchele akainua mkono polepole, akajiangalia vizuri, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.